Thomas Wakley: Daktari aliyeanzisha Lancet na kuandika yaliyofichwa hospitalini

Ukifuatilia habari za afya redioni, bila shaka umewahi kusikia mtangazaji akisema kwamba utafiti fulani umechapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza. Tunalitaja katika habari za malaria, za kifua kikuu, za UKIMWI na za chanjo. Jina linapita haraka, taarifa inaendelea, na msikilizaji anabaki kujua tu kwamba ni jarida la madaktari.

Jarida hilo lilianzishwa na mtu mmoja, Thomas Wakley, mwaka 1823. Alikuwa mtoto wa mkulima. Nyumba yake ilichomwa moto, alishtakiwa mahakamani karibu mara kumi katika miaka kumi ya kwanza ya gazeti lake, na alifungiwa milango ya hospitali alizosomea. Yote hayo yalitokana na jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: kuandika wazi kinachotokea kwa wagonjwa, na kumtaja kwa jina anayehusika.

Makala haya yanaeleza maisha yake, na kwa nini bado yanatuhusu sisi tunaopokea habari za afya kupitia redio, magazeti na simu.

Mtoto wa mkulima

Wakley alizaliwa tarehe 11 Julai 1795 katika kijiji cha Membury, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mashamba na watoto 11. Thomas ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Siku hizo kijana aliyetaka udaktari hakuanzia chuoni. Alianza kwa kukaa na fundi wa kazi hiyo, kama vile kijana wa kwetu anavyojifunza useremala au ufundi cherehani. Akiwa na umri wa miaka 15 Wakley alipelekwa kwa muuza dawa katika mji wa Taunton ajifunze kazi. Baadaye alihamia kwa wengine, na mwaka 1815 akaenda London kusomea upasuaji katika hospitali za St Thomas na Guy's, ambazo wakati huo zilifundisha kwa pamoja.

Huko London aliona mambo mawili. Jambo la kwanza, wapo waalimu hodari, na aliyesifika kuliko wote alikuwa Sir Astley Cooper. Jambo la pili, milango ya hospitali hizo ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Ili mwanafunzi apate cheti ilimpasa alipe ada kubwa kusikiliza mihadhara ya mabingwa hao hao. Nafasi ya kazi ilipotokea, mara nyingi ilikwenda kwa mpwa, kwa mkwe, au kwa kijana ambaye wazazi wake walilipa fedha nyingi ili alelewe na bingwa fulani.

Wakley alifaulu mtihani wa upasuaji mwaka 1817. Februari 1820 alimwoa Elizabeth Goodchild, binti wa mfanyabiashara tajiri aliyekuwa pia mmoja wa wasimamizi wa hospitali ya St Thomas. Walihamia nyumba nzuri katika mtaa wa Argyll, na mambo yalionekana kunyooka.

Usiku wa moto

Miezi michache baadaye maisha yake yaligeuka. Mei 1820 serikali ya Uingereza iliwanyonga wanaume watano waliopatikana na hatia ya kupanga kuwaua mawaziri. Baada ya kunyongwa, mtu aliyefunika uso alikata vichwa vyao mbele ya umati. Alikata kwa ustadi, watu wakaanza kunong'ona kwamba lazima ni daktari wa upasuaji. Uvumi ukatafuta jina la kumbandika, na jina likawa la Wakley. Hakuhusika hata kidogo.

Usiku wa Agosti 1820 watu walimvamia nyumbani kwake, wakampiga na kumjeruhi, kisha nyumba ikateketea. Kampuni ya bima ya moto ikakataa kumlipa. Ilidai kwamba amechoma nyumba yake mwenyewe ili apate fedha. Wakley akaipeleka mahakamani, na mwaka 1821 akashinda. Alilipwa fidia yote, pauni 1,200.

Fedha zilirudi lakini wateja hawakurudi. Mtu akishasemwa vibaya mtaani, hukumu ya mahakama haimfikii kila aliyesikia uvumi. Daktari kijana aliyekuwa na nyumba nzuri akawa anahamahama akitafuta wagonjwa.

Katika kipindi hicho alikutana na William Cobbett, mwandishi wa magazeti aliyekuwa mwiba kwa serikali, na ambaye naye aliamini kwamba kundi lile lile lilikuwa linamtafuta. Urafiki huo ulimwonyesha Wakley nguvu ya gazeti. Uvumi ulikuwa umemwangusha. Aliona kwamba maandishi yenye ushahidi yanaweza kumsimamisha, yeye na wengine wengi.

Gazeti lenye jina la kisu

Toleo la kwanza la Lancet lilitoka tarehe 5 Oktoba 1823. Jina lake ni la kisu kidogo chenye ncha kali ambacho madaktari wa zamani walikitumia kupasua jipu au kutoa damu. Kwa Kiingereza, neno hilo hilo hutumika pia kwa aina ya dirisha jembamba refu la kuingiza mwanga. Kisu cha kutoa usaha, na dirisha la kuingiza mwanga. Wakley alizikusudia maana zote mbili.

Lilikuwa gazeti la kila wiki, la bei ambayo mwanafunzi aliweza kuimudu. Mwanzoni lilikuwa na habari za siasa, michezo ya kuigiza, na hata safu ya mchezo wa sataranji. Lakini kiini chake kilikuwa afya, na lilifanya mambo matatu ambayo magazeti mengine hayakuyafanya.

Kwanza, lilichapisha mihadhara ya mabingwa wa London. Daktari wa kijijini aliye mbali na mji mkuu, asiye na fedha za ada, sasa aliweza kusoma yale yale anayofundishwa mwanafunzi wa hospitali kubwa. Pili, lilichapisha habari za wagonjwa: ameingia na tatizo gani, ametibiwaje, amepona au amekufa. Tatu, lilichambua dawa za siri zilizouzwa mitaani na kuwaambia wasomaji kilichomo ndani yake.

Jambo hilo la tatu linahitaji maelezo. Magazeti ya kawaida ya wakati huo yalijaa matangazo ya vidonge na maji ya dawa yaliyodaiwa kutibu kila kitu, kuanzia kikohozi hadi kupooza. Watengenezaji walilipia matangazo hayo vizuri. Kwa hiyo gazeti lililoishi kwa fedha zao halikuwa na hamu ya kuuliza kama dawa hizo zinatibu kweli. Wakley aliuliza.

Mabingwa walikasirika. Sir Astley Cooper alitaka kujua ni nani anayeiba mihadhara yake. Inasimuliwa kwamba alikwenda nyumbani kwa Wakley bila taarifa na kumkuta mezani akisahihisha maandishi ya mhadhara huo huo. Wawili hao wakaangua kicheko, na Cooper akakubali uchapishaji uendelee mradi jina lake lisitajwe.

John Abernethy, bingwa wa hospitali ya St Bartholomew, hakucheka. Alikwenda mahakamani kuomba zuio. Kesi ilivutana mwaka mzima na mwishowe Wakley akaendelea kuchapisha. Hospitali ya St Thomas nayo ilimpiga marufuku kuingia kwenye kumbi zake. Lakini gazeti lilikuwa limeshapata wasomaji, na kufikia mwaka 1825 liliuza nakala zaidi ya 4,000.

Karibu saa nzima mezani

Kesi iliyomfanya Wakley ajulikane nchi nzima ilihusu mgonjwa mmoja maskini. Machi 1828, Stephen Pollard, kibarua wa mashambani kutoka Sussex, alifika hospitali ya Guy's akiwa na jiwe kwenye kibofu. Wakati huo nusukaputi ilikuwa haijagunduliwa. Mgonjwa alifungwa kamba, akashikiliwa na watu, na akapasuliwa akiwa macho. Kwa sababu hiyo sifa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono. Operesheni ya jiwe ilimchukua fundi mzuri dakika chache tu.

Ya Pollard ilichukua karibu saa nzima. Aliyempasua alikuwa Bransby Cooper, mpwa wa Sir Astley. Alibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine, huku mgonjwa akisihi afunguliwe, na ukumbi umejaa wanafunzi wanaotazama. Pollard alifariki siku iliyofuata.

Lancet ikachapisha habari yote. Ikasema kwamba mtu huyo amekufa kwa sababu aliyempasua hakuwa na uwezo, na kwamba asiye na uwezo alipewa kazi hiyo kwa sababu ya undugu. Cooper akafungua kesi ya kashfa akidai pauni 2,000.

Kesi ilisikilizwa Desemba 1828, na Wakley alijitetea mwenyewe. Mashahidi walioingia ukumbini siku ile walieleza walichokiona. Mwishowe jopo la raia waliokaa kuamua lilimpa Cooper ushindi, lakini fidia ikawa pauni 100 tu. Wasomaji na marafiki wa Wakley walichanga fedha kulipia gharama zake.

Tusimfanye malaika. Habari ile iliandikwa kwa dhihaka, kama mchezo wa kuigiza, na Wakley alikuwa na kawaida ya kuwabandika wapinzani wake majina ya kejeli. Hapo ndipo maadui zake walipompata. Ukweli wa kile kilichotokea mezani haukumwangusha mahakamani. Kilichomgharimu ni ulimi wake. Kwa mwandishi wa habari, hilo ni somo la kukumbuka.

Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limefanyika. Kifo cha kibarua mmoja katika hospitali ya hisani kilijadiliwa na nchi nzima. Kabla ya hapo angezikwa, na hakuna ambaye angeuliza.

Mtu aliyepaka watu dawa ya kuchubua

London ilikuwa na mganga aliyeitwa John St John Long. Hakusomea udaktari. Alidai ana dawa ya kifua kikuu, ambayo aliipaka na kuisugua mgongoni au kifuani kwa mgonjwa mpaka ngozi ichubuke na kutoa majimaji. Alisema ugonjwa unatokea hapo. Matajiri walipanga foleni mlangoni kwake.

Mwaka 1830 mama mmoja kutoka Ireland alimletea binti yake mgonjwa wa kifua. Alikuwa na binti mwingine aliyekuwa mzima kabisa. Long akamshawishi mama huyo kwamba hata yule mzima atibiwe mapema ili asije akaugua. Kidonda cha mgongoni kikaoza, na msichana aliyefika akiwa na afya njema akafariki dunia Agosti mwaka huo.

Wakley alihudhuria uchunguzi wa kifo hicho kwa niaba ya familia, na gazeti lake likaeleza kila hatua. Long alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Adhabu yake ilikuwa faini ya pauni 250, akailipa papo hapo na kutoka akiwa huru. Miaka minne baadaye Long mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu.

Wakley aliona kwamba faini haitoshi. Aliona mwananchi anahitaji njia ya kumtambua daktari aliyesoma na kumtenga na tapeli. Kampeni yake ya miaka mingi ni mojawapo ya sababu zilizoleta sheria ya mwaka 1858, iliyoanzisha daftari rasmi la madaktari wa Uingereza na baraza la kulisimamia. Yeye mwenyewe alitaka sheria kali zaidi. Lakini daftari lilipatikana, na nchi nyingi zilifuata mfumo wa namna hiyo.

Alipompima rafiki yake

Ni rahisi kumwandika vibaya adui. Mwaka 1838 Wakley alipata mtihani mgumu zaidi.

Dk. John Elliotson alikuwa rafiki yake, profesa wa heshima na mmoja wa madaktari wa kwanza Uingereza kutumia kipimo cha kusikiliza kifua. Elliotson alivutiwa na tiba mpya kutoka Ulaya iliyodai kwamba mwili wa binadamu una nguvu ya sumaku, na kwamba tabibu anaweza kumtia mgonjwa usingizini kwa kupitisha mikono hewani. Alikuwa na wagonjwa wawili, ndugu wa kike walioitwa Okey, ambao mbele ya watu walianguka, wakakakamaa na kusema mambo ya ajabu. Umati ulifurika hospitalini kuwatazama, na Lancet yenyewe ilikuwa imechapisha taarifa za Elliotson kwa kirefu.

Elliotson alisema madini ya nikeli hubeba nguvu hiyo, lakini risasi haiibebi. Wakley akaona kwamba dai hilo linaweza kupimwa. Agosti 1838 aliwaalika nyumbani kwake Bedford Square, mbele ya mashahidi. Akaweka nikeli na risasi tayari. Kisha kwa siri nikeli akampa mtu mwingine aiondoe, na msichana akaguswa kwa risasi peke yake. Mtu mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba nikeli isitumike kwa nguvu sana. Msichana akasikia, akaamini ameguswa kwa nikeli, akapatwa na degedege.

Wakley alirudia majaribio kwa njia mbalimbali, na matokeo yakawa yale yale. Wasichana waliitikia walichodhani wameguswa nacho. Kitu chenyewe hakikuleta tofauti. Akachapisha yote. Desemba mwaka huo Elliotson alijiuzulu katika hospitali ya chuo kikuu, na urafiki wao ukafa.

Tendo hilo lina uzito kuliko kesi zake zote. Mhariri alikuwa ameipa nafasi habari iliyovutia wasomaji. Kisha akaipima mwenyewe, na ilipoonekana haina ukweli, akaandika hivyo katika gazeti lile lile, ingawa rafiki aliumia.

Bungeni, na mbele ya maiti

Mwaka 1835 Wakley alichaguliwa kuwa mbunge wa Finsbury, London, na akabaki Bungeni hadi 1852. Mwaka wa kwanza tu alisimama kuwatetea vibarua sita wa mashambani wa Dorset, waliohamishiwa Australia kama wafungwa kwa kosa la kula kiapo kisicho halali walipounda chama cha wafanyakazi. Walisamehewa mwaka 1836. Alipinga pia kodi ya magazeti, iliyofanya gazeti kuwa ghali kwa mtu wa kipato cha chini.

Mwaka 1839 alichaguliwa kuwa ofisa wa kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha katika eneo la West Middlesex. Kazi hiyo kwa desturi ilishikwa na wanasheria. Wakley alishikilia kwamba anayeuliza mtu amekufa kwa nini lazima ajue mwili. Aliagiza vifo vinavyotokea gerezani, kituo cha polisi na kwenye nyumba za kutunzia maskini vitolewe taarifa. Katika nyumba ya maskini ya Hendon, mzee mmoja alitumbukia kwenye pipa la maji ya moto la kufulia nguo, akafa na kuzikwa kimya kimya. Wakley akaamuru kaburi lifukuliwe na uchunguzi ufanyike.

Mwandishi maarufu Charles Dickens aliwahi kukaa katika jopo la raia chini yake mwaka 1840, katika uchunguzi wa kifo cha mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa mtumishi wa ndani. Miaka mingi baadaye Dickens aliandika kwa shukrani jinsi ofisa huyo alivyoiendesha kazi yake.

Uchunguzi uliotikisa nchi ulifanyika mwaka 1846. Mwanajeshi kijana, Frederick John White, alichapwa viboko 150 katika kambi ya Hounslow mwezi Juni kwa kumpiga sajini. Tarehe 11 Julai akafariki. Madaktari wa jeshi waliandika kwamba kifo hakihusiani na viboko. Kasisi wa eneo hilo aliingiwa na shaka, akakataa kumzika, akamwarifu Wakley.

Wakley alimwita Erasmus Wilson, bingwa wa magonjwa ya ngozi asiye wa jeshi, aukague mwili. Wilson alieleza kwamba viboko ndivyo vilivyosababisha kifo, na jopo likakubali. Magazeti yalichapisha ushahidi huo siku baada ya siku. Mwaka huo huo jeshi likapunguza adhabu isizidi viboko 50, na mwaka 1881 viboko vikafutwa kabisa jeshini.

Mkate, kahawa na pipi

Kazi kubwa ya mwisho ya Wakley iligusa kila nyumba. Watu wa London walijua kwamba vyakula vya madukani vinachakachuliwa, lakini kujua kwa minong'ono hakumfanyi mtu lolote. Kuanzia mwaka 1851 Lancet ilimtuma Dk. Arthur Hill Hassall, mtaalamu wa darubini, aende duka kwa duka akinunua vyakula kama mteja wa kawaida na kuvipima.

Kila wiki gazeti lilichapisha matokeo, pamoja na jina la mwenye duka na mtaa wake. Aliyeuza bidhaa safi alitajwa, na aliyechakachua alitajwa pia. Kazi hiyo iliendelea hadi 1854.

Mikate ilikutwa na shabu, iliyowekwa ili ionekane myeupe. Kahawa ilichanganywa na mizizi ya mmea wa chikori iliyokaangwa. Maziwa yaliongezwa maji. Haradali ilijazwa unga wa ngano na manjano. Pilipili ya unga ilikutwa na rangi yenye madini ya risasi. Na pipi za watoto zilipakwa rangi zenye risasi, zebaki, shaba na arseniki, ile sumu ya kuulia panya.

Bunge likaunda kamati ya kuchunguza mwaka 1855. Kabla sheria haijapita, mwaka 1858 katika mji wa Bradford, arseniki iliingia kwenye pipi kwa makosa. Muuzaji alikusudia kuchanganya unga wa bei nafuu badala ya sukari, akapewa sumu. Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua. Mwaka 1860 sheria ya kwanza ya jumla dhidi ya uchakachuaji wa vyakula ilipitishwa. Ilikuwa dhaifu, ikaimarishwa mwaka 1872 na 1875. Sheria za usalama wa chakula katika nchi nyingi zinafuata njia hiyo.

Mwisho wake, na gazeti baada yake

Elizabeth alifariki mwaka 1857. Wakley mwenyewe alikuwa amechoka na mapafu yake yalikuwa mabovu. Alikwenda kisiwa cha Madeira kutafuta hali ya hewa nzuri, na huko akafariki tarehe 16 Mei 1862, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa London. Wanawe waliendelea na Lancet, kisha mjukuu, na familia ikalishikilia hadi mwaka 1909.

Jarida linaishi hadi leo, na lenyewe limewahi kuteleza vibaya. Februari 1998 lilichapisha taarifa ya watoto 12 tu, iliyodai kuwapo uhusiano kati ya chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na hali ya usonji. Magazeti ya Uingereza yakaibeba dai hilo kwa vichwa vikubwa, mara nyingi bila kueleza kwamba watoto ni 12. Wazazi wakaogopa, chanjo ikapungua, na surua ikarudi.

Aliyefukua ukweli ni mwandishi wa habari, Brian Deer wa gazeti la Sunday Times. Kuanzia mwaka 2004 alionyesha jinsi utafiti ule ulivyoendeshwa na fedha zilizokuwa nyuma yake. Tafiti kubwa katika nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji. Februari 2010 Lancet iliifuta taarifa ile. Ilichukua miaka 12. Wakley alipompima rafiki yake ilichukua siku chache.

Habari ya afya ikikufikia

Kutokana na maisha ya Wakley, msikilizaji unaweza kujiuliza maswali machache kila habari ya afya inapokufikia, iwe imetoka redioni kwetu, gazetini, au kwenye kundi la simu.

Nani anasema, na ametajwa kwa jina? Wakley alitaja mtu, duka na mtaa, ili anayebisha ajitokeze. Habari ya mtaalamu mmoja asiye na jina haina wa kuulizwa.

Wamepimwa watu wangapi? Watoto 12 hawatoshi kuamua hatima ya chanjo ya mamilioni. Jirani mmoja aliyepona si ushahidi kwamba dawa fulani inatibu.

Nani anafaidika? Anayeisifu dawa akiwa ndiye anayeiuza, au amelipiwa tangazo, habari hiyo ichukue kama tangazo. Tiba inayodaiwa kumaliza kisukari, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo na shinikizo la damu kwa chupa moja ni ndugu wa vidonge vile vya miaka ya 1820.

Na kama imeonekana kuwa si kweli, je, waliyoitangaza wamerudi kusema? Hapo ndipo unapotambua chombo cha kuamini. Sisi watangazaji pia tuulizwe hivyo hivyo. Ukisikia jambo la afya kwenye kipindi chetu na ukalitilia shaka, piga simu uulize limetoka wapi. Na kabla hujaacha dawa uliyoandikiwa, au kumnyima mtoto chanjo kwa sababu ya habari uliyoisikia, nenda kwanza kituo cha afya kilicho karibu ukaulize.